Vimwali Vilivyoachwa Vifunguke

Bi Ummulkheir wa Jomvu Kuu alijivunia vitu viwili, na vyote viwili vilihusu pua. Cha kwanza ni pua yake mwenyewe, iliyoweza kukwambia nyumba ya tatu wanapika nini na nani kaunguza. Cha pili ni vikuba vyake. Kutoka Mikindani hadi Mtopanga, bibi harusi wa watu wanaojiheshimu hakupambwa bila kikuba kilichofungwa na mikono yake: asumini, rihani, kilua kikipatikana, na kipande cha mkadi cha kuvishika vyote pamoja, kisha kinanyunyizwa marashi na kubandikwa kifuani kwa pini. Wengine pia walifunga vikuba, hilo halikatazwi. Lakini vya wengine vilikuwa vikuba vya maua tu. Cha Bi Ummulkheir kilikuwa na kimwali ndani.

Kimwali ni mmea mfupi wa porini, wa kufika gotini kwa shida. Huota pale mchanga unapokutana na mikoko, mahali ambapo maji ya bamvua, bahari ijaapo kupita kawaida, hufika mara chache yakaondoka. Tumba lake ni jeupe, refu kama kidole cha mtoto, na shingo yake ina wekundu wa mbali. Harufu yake ni tabu kuieleza. Wenyewe husema ni asumini iliyolala karibu na iliki.

Na kimwali kilikuwa na sheria zake. Kilichumwa baada ya sala ya alasiri, tumba likiwa limejaa lakini halijafunguka, ili lije kufunguka usiku juu ya kifua cha bibi harusi. Ua lililojifungukia lenyewe ufukoni halikuvaliwa. Hilo limeshaolewa, wasema wazee. Wala haikuishia hapo. Tumba likiachwa likafunguka bila kuchumwa, basi katika nyumba zinazotazama ufuko huo yuko msichana atakayekaa bila mume, au akiolewa atarudi kwao na sanduku lake. Kwa hivyo msimu ukifika, wanawake wa Jomvu Kuu walichuma matumba yote, kuwe na harusi kusiwe na harusi. Yaliyozidi waliyatia chini ya mito na kwenye makabati ya nguo. Hakuna mama aliyetaka kulaumiwa kwa binti wa jirani. Mwalimu wa madrasa aliwahi kuwaambia kwamba mkosi wa ua haumo katika dini. Walimwitikia kwa adabu zote, wakaenda kuchuma.

Zamani vimwali vilitapakaa ukingo mzima wa mkono wa bahari unaopita Jomvu Kuu. Kisha zikaja yadi za makontena, vikaja vifusi vya kujazia, ufuko ukapanda juu na kuwa mgumu kama sakafu. Vikabaki nyuma ya shamba dogo la mihogo la Bi Ummulkheir, na yeye akabaki mchumaji wao wa mwisho.

Siku moja asubuhi alimkuta mwanamke kijana kapiga magoti katikati ya vimwali vyake, uso karibu uguse mchanga, kama mtu aliyedondosha hereni. Bi Ummulkheir akadhani huyo ni katika wale wapima viwanja.

"Wewe! Hapo hapauzwi!"

"Shikamoo, mama," akasema yule mgeni akiinuka na kujipangusa magoti. "Mimi si mnunuzi. Naitwa Agneta. Ninaangalia tu haya maua."

"Marahaba. Maua huangaliwa kwa kusimama, mwanangu. Wewe ulikuwa wayasujudia."

Agneta akacheka, na kicheko hicho kikamwokoa. Kwao ni bara, Kitale, na kazi yake ni kutembea ukingoni mwa bahari akitazama ni mimea gani ya porini ingali ipo na ipi inakwisha. Alieleza vizuri, taratibu, bila kujifanya. Kila mmea, alisema, hupewa daraja. Iko isiyotiliwa wasiwasi, iko iliyo hatarini, iko iliyo hatarini kabisa, na iko ile iliyokwisha kutoweka, ambayo hata ukilia hairudi.

"Na kimwali mmekipa daraja gani?"

"Hakina daraja, mama. Kimeandikwa kwamba habari zake hazitoshi."

Bi Ummulkheir akacheka hadi akashika kiuno. "Habari hazitoshi! Mimi niko nacho tangu sijaota meno. Haya, uliza. Uliza lolote ulitakalo."

Agneta hakungoja kuambiwa mara ya pili. Hutoa matumba lini? Masika ikisha. Hupenda maji ya chumvi au matamu? Yote mawili, lakini kidogo kidogo. Mbuzi hukila? Mbuzi wa hapa hana akili hiyo, yeye hula mifuko ya plastiki. Wadudu gani hulijia ua likifunguka? Hapo Bi Ummulkheir akasita, akasema pengine sisimizi.

"Na tunda lake likoje?"

Bi Ummulkheir akainama, akageuza majani ya kimwali kilichokuwa karibu. Akatazama chini yake.

"Au mbegu zake, mama. Ni za rangi gani?"

Barabarani malori ya Changamwe yalikuwa yakipigiana honi. Bi Ummulkheir alisimama akitafuta ndani ya kichwa chake tunda ambalo hakupata kuliona wala kulisikia likitajwa. Aliona haya. Kisha, nyuma ya haya, akahisi kitu ambacho hakukihisi tangu utotoni: alitaka kujua, na alitaka kujua sasa hivi.

"Wallahi," akasema, "sijui."

"Hata mimi sijui," akasema Agneta. "Hakuna anayejua. Ndiyo maana nimekuja."

Tangu hapo Bi Ummulkheir hakukalika. Aliwauliza wenzake msibani, aliwauliza kwenye maulidi, alimuuliza muuza samaki ambaye hakuwa na hatia yoyote. Mwisho alikwenda kwa Bi Jalila, aliyekuwa mkongwe kuliko wote Jomvu Kuu na masikio yake yalikwisha kustaafu, akamfokea swali lake sikioni.

"Tunda?" Bi Jalila akamkazia macho. "Tunda la kimwali? Siyui, mwanangu. Nani angaliliwata tumba hata likazaa?"

Bi Ummulkheir alirudi nyumbani na neno hilo kama aliyemeza mwiba wa samaki. Nani angeliliacha? Hakuna. Si mama yake, si nyanya yake, si yeye.

Agneta alipokuja tena, akakirimiwa mahamri na mbaazi, wakaenda pamoja ufukoni. Yule mgeni akachimbua mchanga kidogo kwa vidole, akamwonyesha mashina. Yote yalikuwa manene, magumu, yenye magamba. Machipukizi yalitoka kwenye mizizi ya zamani. Mche mpya, uliotoka kwenye mbegu, haukuwepo hata mmoja.

"Hii yote ni mizee, mama. Haina watoto. Ikifa hii, basi."

"Basi sisi ndio tuliovimaliza."

"Vifusi pia vimemaliza vingi."

"Vifusi sikuvileta mimi," akasema Bi Ummulkheir. "Matumba niliyachuma mimi."

Ilimuuma. Mtu aweza kuishi miaka akidhani anakitukuza kitu, kumbe anakikata kizazi. Na tena si kwa ubaya wala kwa uvivu. Kwa mapenzi ya mabinti wa watu.

Dawa ilikuwa rahisi kuitaja: msimu mmoja, matumba yaachwe. Lakini dawa rahisi kuitaja yaweza kuwa chungu kuinywa. Msimu uliokuwa ukija ndio msimu wa harusi ya Wardah.

Wardah alikuwa mtoto wa Tima, binti wa Bi Ummulkheir, na ndiye mjukuu aliyelelewa kwenye kitanda cha bibi yake. Alifanya kazi duka la dawa huko Changamwe, na alikuwa ameposwa na kijana mmoja wa Mtongwe, upande wa Likoni, jina lake Taufiq. Tangu ana umri wa kushika sindano alikuwa akitunga asumini kando ya bibi, akiuliza, "Bibi, changu utatia vimwali vingapi?" Na bibi hujibu, "Vyako nitatia mpaka wakwe wapige chafya." Hiyo ndiyo ahadi yenyewe. Ahadi ya mchezo, lakini mtoto hana ahadi ya mchezo.

Masika ikapita, matumba yakatoka. Yalitoka mengi mwaka ule, kama kwamba yanajua. Wardah akaja siku chache kabla ya kupambwa, akili yake yote iko kwenye hina, akakaa kwenye mkeka.

"Bibi, vimetoka?"

"Vimetoka, mwanangu."

"Alhamdulillahi. Nilikuwa na wasiwasi na jua hili."

Bi Ummulkheir akaacha sindano. "Wardah, ndoo hapa karibu." Akamshika mkono, akamwambia yote: Agneta, mashina ya kizee, tunda asilolijua mtu. "Mwaka huu sivichumi. Nataka viachwe vizae."

Wardah akautoa mkono wake polepole.

"Kwa hivyo mimi ndiye wa kuanzia," akasema. "Umewafungia wote. Umemfungia hata yule aliyeolewa mara ya tatu. Nikifika mimi, ndipo maua yakumbukwe."

"Si hivyo, mwanangu."

"Ndivyo, bibi. Na si kunikosesha tu. Wayaacha yafunguke mbele ya nyumba yetu, wiki ya harusi yangu."

"Mkosi huo hauko katika dini."

"Ulikuwako miaka yote uliyochuma."

Tima, aliyesikia kutoka jikoni, akaja na mwiko mkononi na machozi machoni. "Mama, sikuelewi. Wakwe watasemaje? Watasema bibi yake mwenyewe hakumtakia heri." Hapo ndipo mwanamke mwingine angelegea, na mimi simlaumu ambaye angelegea. Bi Ummulkheir alikuwa na kichwa kigumu, tena chenye swali ndani yake.

Siku ya kupambwa Wardah alivaa kikuba cha asumini na vilua, kizuri, cha kunukia ukumbi mzima. Wanawake walikuja kumtazama mmoja mmoja, wakavuta pua, wakatazamana. Mama mkwe, Bi Waridi wa Mtongwe, hakusema lolote, na kutosema kwake kulisikika mpaka barazani. Ilipofika zamu ya bibi, Wardah aliinamisha uso kama impasavyo bibi harusi, lakini mkono wa bibi yake hakuubusu. Bi Ummulkheir alirudi kwenye kiti chake akajifanya anatafuta miwani.

Alfajiri iliyofuata, baada ya kuswali, alikwenda ufukoni peke yake. Alikuwa na umri wa kuwa na vilembwe, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliona kimwali kilichofunguka juu ya shina lake. Tumba lilikuwa limejikunjua likawa na pande tano, nyeupe, na ndani kabisa, pahali ambapo kifuani kwa bibi harusi palikuwa pakisagikasagika usiku, palikuwa na duara la rangi ya zambarau na nyuzi zilizojaa unga wa njano. Nondo mkubwa, mwenye mdomo mrefu kama uzi, alikuwa akitoka ua moja akiingia jingine. Si sisimizi basi. Bi Ummulkheir alikaa kwenye mchanga wenye umande, akatazama mpaka jua likawa kali, akafurahi, na akalia, vyote viwili, kwa sababu mtu pekee aliyetaka kumwita aje atazame alikuwa amekwisha vuka kwenda kwa mumewe bila kumuaga sawasawa.

Kisha maua yakanyauka. Yakaanguka. Bi Ummulkheir alikwenda kila siku kutazama vikonyo vyao, akitafuta uvimbe wa tunda. Hapakuwa na uvimbe. Vikonyo vilikauka, vikadondoka, na ufuko ukabaki na majani yake matupu.

Hapo ndipo alipoumia hasa. Kumnyima mtoto ili upate kitu ni jambo. Kumnyima usipate kitu ni jambo jingine. Alimpigia Agneta simu, na sauti yake haikuwa na mzaha hata kidogo.

"Mwanangu, nimemtoa Wardah wangu sadaka ya bure?"

Agneta alikuja, akachunguza, akakuna kichwa. Alikiri kwamba hili hakulifikiria mapema, na ilimpasa. "Nadhani vyote hivi ni mzizi mmoja, mama. Mmoja ulitambaa chini kwa chini mpaka ukaonekana mingi. Iko mimea ambayo ua lake halikubali unga wa ndugu yake. Linataka wa mgeni, wa ukoo wa mbali."

Bi Ummulkheir akamtazama. "Haliozi binamu?"

"Haliozi."

"Ajabu! Sisi tunaoza binamu miaka nenda miaka rudi, na nyumba zimejaa watoto." Akatafakari. "Basi hili halikutaka kuachwa tu. Lilitaka kuposwa."

"Ndiyo, mama. Linataka bwana kutoka kwingine. Nimetafuta Kisauni, sikupata. Kuna mtu wa zamani aliyeandika kwamba aliwahi kukiona upande wa Likoni, huko Mtongwe, kwenye mashamba. Sijui kama kingalipo."

Mtongwe. Bi Ummulkheir akavuta pumzi ndefu. Katika dunia nzima ya Mwenyezi Mungu, na upana wake wote.

Miezi ilipita kabla hajapata ujasiri. Wardah alikuwa akituma salamu kwa mama yake, na salamu hizo zilimfikia bibi zikiwa zimepoa: "Msalimie na bibi." Siku ya Idi alikuja na mumewe, akala, akaaga. Alikuwa na adabu mno. Na bibi yeyote anajua kwamba mjukuu akikufanyia adabu mno, ujue ana lake moyoni.

Masika nyingine ilipokwisha, matumba ya kwanza yalipoanza kujaa, Bi Ummulkheir alivaa buibui lake la kutokea, akapita barabara mpya ya Dongo Kundu mpaka Mtongwe. Alikuwa amepanga maneno njiani. Alipofika kwa Bi Waridi, akakaribishwa maji ya madafu na kuulizwa hali ya watu wote wa Jomvu Kuu hadi wasiokuwepo, maneno yote yakampotea. Bi Waridi, mwanamke wa shamba mwenye macho yasiyopitwa na kitu, akainuka akasema ana mihogo ya kutazama. Akawaacha wawili.

"Wardah."

"Abee, bibi."

"Nimekuja kwa mambo mawili. La kwanza, nilikukosea. Sababu ilikuwa ya haki, lakini nilikukosea, na nilikwambia siku chache kabla, kana kwamba ni habari ya chumvi kuisha. Ungestahili kuambiwa mapema. Nisamehe."

Wardah alikuwa akikunja ncha ya leso yake. "Na la pili?"

Bi Ummulkheir alitamani ardhi ipasuke. "La pili, natafuta kimwali. Inasemekana kilikuwako huku zamani. Vile vyangu vimekataa kuzaa wenyewe kwa wenyewe. Vyataka mgeni."

"Mimi uliniambia sitapata hata kimoja," akasema Wardah polepole. "Na sasa umekuja kuniomba mimi."

"Ndivyo ilivyo. Ningekuwa na mlango mwingine ningeubisha."

Wardah akaiachia ncha ya leso. Kisha akasimama, akasema, "Ndoo, bibi."

Walipita mnazi ulioanguka, wakapita mihogo ya Bi Waridi, wakafika nyuma ya banda la mbuzi, mahali ardhi inapoteremka kwenda kwenye mikoko. Pale palikuwa na shina moja la kimwali, limezungushiwa miiba ya kuzuia mbuzi. Miiba yenyewe ilikuwa imepangwa kwa uangalifu, na haikuwa ya jana.

"Nilikiona wiki ya kwanza nilipoletwa hapa," akasema Wardah. "Kilikuwa na matumba ya mwisho mwisho. Nilinyoosha mkono nichume. Nilikuwa na hasira, bibi, nilitaka nijivalishe mwenyewe, peke yangu, chumbani. Kisha nikayaacha. Nikaja alfajiri kutazama."

"Kwa nini?"

"Nilitaka nione umenikosea kwa sababu ya kitu gani."

Bi Ummulkheir hakuthubutu kuuliza. Lakini yeye kutouliza hajui. "Ukaonaje?"

"Niliona ile zambarau ya ndani," akasema Wardah. "Bibi, mbona hukuniita nikatazame na wewe?"

Wakashikana pale nyuma ya banda la mbuzi, na mbuzi wakawatazama. Walilia kwa sauti, kama watu wa pwani wanavyojua kulia, bila kuogopa majirani.

Yaliyobaki yalikuwa kazi, na kazi hiyo Wardah aliijua. Ua la kimwali halidumu. Likipigwa na jua mchana wake unga umekwisha nguvu. Lakini mfunga vikuba hajifunzi jambo la kwanza ila hilo: namna ya kulisafirisha ua bila kulisumbua. Alfajiri, matumba yakiwa yamekwisha kufunguka, Wardah aliyakata machache, akayafunga kwenye kipande kibichi cha jani la mgomba, akayabandika kifuani ndani ya buibui, pahali penye ubaridi wa kitambaa kilicholoweshwa, akaondoka na Taufiq kwa pikipiki kabla jua halijapanda. Bi Waridi aliwasindikiza mpaka njiani akawaambia, "Mwambieni bibi mahari tutaizungumza baadaye."

Agneta alikuwa amefika Jomvu Kuu na mapema. Akawaonyesha: unyoya mdogo wa kuku, unaugusa unga wa ua la Mtongwe, unaupeleka taratibu kwenye kinundu cha katikati cha ua la Jomvu. Bi Ummulkheir akajaribu. Unyoya ukakosa kinundu, unga ukamwagika mchangani. Macho yake siku hizi yaliona vizuri vitu vilivyo mbali na vilivyopita.

"Nipe, bibi," akasema Wardah.

Akapiga magoti mchangani, uso karibu uguse maua. Ua baada ya ua, unyoya baada ya unyoya, akilinong'onezea kila moja bismillahi. Bi Ummulkheir alimfuata nyuma akimwekea kivuli kwa upande wa leso yake.

Wakangoja. Wiki za kungoja zilimfanya Bi Ummulkheir awe mtu wa taabu nyumbani. Tima alisema heri alipokuwa akiuliza wauza samaki. Kisha asubuhi moja, chini ya ua lililonyauka, palikuwa na kivimbe. Kesho yake vilikuwa viwili. Vikawa vitunda vya kijani, vya mviringo, vyenye miiba laini, na kusema kweli vilikuwa vibaya vya sura. Si kitu cha kumvisha mtu. Bi Ummulkheir aliviona vizuri kuliko dhahabu. Alimpigia simu Wardah kabla ya kumpigia Agneta.

Agneta alikuja, akapiga picha, akaandika, akafurahi mpaka akasahau kula. Lakini hakuwaficha. Habari sasa zimetosha, alisema, na daraja atakaloliombea kimwali ni lile la hatarini kabisa. Pahali pawili tu, na pa pili pana shina moja. Vitunda hivi havibadilishi hilo, si mwaka huu wala ujao.

"Kwa hivyo kabla hamjajua kitu, kilikuwa salama," akasema Bi Ummulkheir. "Mmejua, kimekuwa mgonjwa mahututi."

"Kilikuwa mgonjwa tangu zamani, mama. Tofauti ni kwamba sasa ana watu kitandani pake."

Hilo Bi Ummulkheir alilikubali. Kilichomshinda kukubali ni kungoja vitunda vikauke. Alitaka kuona mbegu. Kila jioni alikishika kimoja kwa vidole viwili, akakibonyeza kidogo, na Wardah, aliyekuwa amekuja kukaa kwao siku chache, alimkanya kama anavyokanywa mtoto kwenye sufuria ya halua.

Walikuwa hapo ufukoni, bibi na mjukuu, siku Bi Sabah wa Mtopanga alipotokea kwenye njia ya mihogo, amejitanda, ananukia udi. Alikuwa anaoza binti yake. Alisalimia, akauliza hali, akauliza hali tena, kisha akaona matumba machache ya mwisho wa msimu, yamejaa, meupe, kando ya vile vitunda vya kijani.

"Alhamdulillahi, nimevikuta," akasema. "Bi Ummulkheir, binti yangu huyu ni mmoja tu. Nifungie kikuba chenye vimwali. Wewe wajua, bibi harusi bila kimwali huyo hakutakiwa heri na watu wake."

Bi Ummulkheir akahisi damu ikimpanda usoni. Alikuwa na maneno, lakini kila neno alilolishika lilikuwa na jina la Wardah ndani yake, na hakujua namna ya kulitamka mbele yake. Alimtazama mjukuu wake. Wardah alikuwa amekwisha kusimama, akijipangusa mchanga magotini, na amejiweka katikati ya Bi Sabah na maua.

"Havichumwi, mama," akasema. "Mimi mwenyewe niliolewa bila hivyo, na nipo, na mume wangu yuko pale barazani anakunywa kahawa."

"Mwanangu, ni vichache tu. Vya kikuba kimoja."

"Hata kimoja," akasema Wardah. "Vina mimba."

Bi Sabah akamgeukia Bi Ummulkheir, akingoja amkanye mjukuu wake kwa kumjibu mtu mzima namna ile. Bi Ummulkheir hakumkanya.